Mto Unaoelekea Magharibi

Doornfontein, Johannesburg
4 Agosti 2024

Mama Chloé,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Baridi ya Joburg ilinipiga mafua wiki mbili, sasa imeniachia. Kazi ya getini kule Midrand iko kama ulivyoiacha: magari yanaingia, magari yanatoka, mimi naandika namba.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu wakati Jumapili tunazungumza kwa simu. Usicheke. Si wewe uliyenieleza maneno ya mwanasheria wa kanisa lenu? Afisa atakayenihoji atataka ushahidi kwamba ndoa yetu iko hai, na maneno ya simu hayabaki popote. Barua inabaki. Basi tufanye alivyosema: kila mtu aandike, aweke tarehe na sahihi, tutumiane picha, na karatasi yenyewe ikae kwenye faili. Ni miaka miwili na nusu sasa tangu wewe na mtoto mpande ndege ya wakimbizi, mimi nikabaki eti jina langu bado linachunguzwa. Sitaki kuachwa mara ya pili kwa kukosa karatasi.

Sasa kazi yako. Melchior, yule Mrundi mwenye kile kiduka cha spaza kule Diepsloot, anasema maswali ya maafisa hayana adabu. Kuna baba mmoja wa Bukavu aliulizwa pazia la chumba cha mkewe ni la rangi gani. Akanyamaza, faili likalala mwaka mzima. Mimi sitanyamaza. Nilifundisha jiografia na historia Uvira miaka kumi na moja, na sijawahi kuingia darasani bila kujiandaa. Kwa hiyo niandikie jimbo lako lote la Iowa kwa utaratibu: mipaka, mito, udongo, hali ya hewa, kisha historia. Pazia pia.

Sanduku langu liko mlangoni. Kila Jumamosi nalifungua, napanga upya, nalifunga. Siwezi kukaa kitako, Mama Chloé. Hata getini wananiambia mzee keti, nami natembea.

Mume wako,
Évariste

*

Davenport, Iowa
1 Septemba 2024

Baba Chloé,

Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka mtoto akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Mume anaomba habari za mkewe kwa utaratibu wa mipaka na mito! Haya mwalimu, fungua daftari.

Mipaka. Iowa iko kati ya mito miwili. Mashariki ni Mississippi, magharibi ni Missouri pamoja na mto mwingine mdogo unaouingia. Chloé amesoma shuleni kwamba katika majimbo yote ya Marekani ni hili peke yake ambalo mashariki yote ni mto na magharibi yote ni mto. Mji mkuu ni Des Moines, uko katikati, mimi sijafika. Udongo ni mweusi kama kahawa iliyosagwa. Zamani palikuwa na majani marefu kumpita mtu, sasa ni mahindi, mahindi, mahindi. Nguruwe ni wengi kuliko watu mara saba hivi. Mwambie afisa hilo, atajua unaijua Iowa.

Hali ya hewa sina la kusema ila Januari machozi yaliniganda kwenye kope, na nilikuwa silii, ulikuwa upepo tu.

Historia naichukua kwenye kitabu cha Chloé, ananitafsiria kwa hasira maana Kiswahili chake kinazidi kukonda. Waioway ndio walioachia jimbo jina. Wasauk na Wameskwaki waliishi kando ya mto huu hapa hapa, wakashindwa vita mwaka 1832, wakalazimishwa kutia saini wasiyoitaka papa hapa tulipo, wakaanza kusogezwa. Mwaka 1846 Iowa ikawa jimbo la ishirini na tisa. Kumbe na hapa watu walibeba vyungu vyao wakaondoka.

Nyumba yetu iko mlimani kidogo, mto uko chini. Mji huu hauna ukuta wa kuzuia maji. Mwaka 2019 yaliingia mpaka katikati ya mji, bado watu wanakuonyesha yalipofikia. Jioni nikitoka kazini kwenye dobi, ambako tunafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, nashuka kuangalia mto ukienda kuzama na jua. Ng'ambo ni Illinois, iko kusini yetu, taa zake zinawaka mapema. Nakaa hapo mpaka miguu inaniuma, maana nyumbani siwezi kutulia. Nahamisha kiti, narudisha kiti.

Pazia ni la kijani.

Mke wako,
Spéciose

*

Doornfontein, Johannesburg
29 Septemba 2024

Mama Chloé,

Barua yako nimeisoma mara nne. Pazia nimelikariri. Nguruwe nimewakariri. Lakini nilipofika kwenye mto nilisimama.

Unaijua atlasi yangu ya Kifaransa, ile niliyoinunua kwenye lami pale stendi ya Noord. Marekani ni ukurasa mmoja, na Iowa ni kama ukucha wa kidole gumba, lakini mto unaonekana vizuri. Mississippi unashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Nimewafundisha watoto hivyo miaka kumi na moja, na ukiuliza Uvira nzima watakujibu hivyo. Iowa iko magharibi ya mto, Illinois iko mashariki. Wewe umeandika kwamba mto unaenda kuzama na jua, yaani magharibi, na kwamba Illinois iko kusini yenu. Mto huo sio Mississippi, Mama Chloé. Labda ni mto mwingine. Labda ni mji mwingine.

Nimejiuliza mengi. Wakongomani wengi wanahama huko, leo Iowa, kesho Nebraska, keshokutwa Texas, kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya mambo mengine. Bertrand, ninayelinda naye geti, anasema wanawake wakifika kule hupata mtu wa kuwapeleka kazini na gari, halafu kiti cha mbele kinakuwa chao. Nilimwambia afunge mdomo. Lakini neno likishaingia sikioni halina pa kutokea.

Kama mmehama, niambie. Afisa akiona anwani ya faili ni moja na mtu anaishi pengine, ataona ndoa nzima ni ya uongo. Mimi hapa anwani yangu haijasogea hata hatua. Nakuomba na wewe uwe hivyo.

Nijibu upesi.

Évariste

*

Davenport, Iowa
20 Oktoba 2024

Mwalimu Évariste,

Jumamosi saa nne asubuhi Joséline wa kanisani aligonga mlango. Sijawahi kumwalika. Aliingia, akakaa, akasifu chai, na macho yake hayakutoka kwenye viatu vilivyopangwa mlangoni. Mwisho akasema, kwa aibu, maana ni mwanamke mwema, kwamba kaka yake alipigiwa simu kutoka Joburg aangalie kama hapa kuna mwanamume.

Viatu vya kiume alivikuta kweli. Ni vyako. Vile vya kahawia ulivyosahau kwenye sanduku langu siku ya uwanja wa ndege. Kila nikifagia naviinua, nafagia chini yake, navirudisha, ili mtu akiingia ajue nyumba hii ina baba. Nilimweleza hivyo Joséline naye akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira ya kuweza kubeba jokofu.

Baada ya kanisa nilimchukua mtoto tukashuka mtoni. Nikamwambia atupe kijiti. Kilielea mbele yetu polepole kikaenda upande jua linakozama, tukakifuata kwa miguu mpaka hatukukiona tena. Chloé akasema, kwa Kiingereza, kwamba baba yake ana wazimu. Nilimgombeza, lakini si kwa nguvu.

Ruzizi wa kwetu Uvira uliuona kwa macho, Évariste. Mississippi umeuona kwa kidole.

Na sasa niulize mimi. Brigitte wa kazini kwetu alikwenda huko Joburg kwenye msiba, nikampa koti akuletee. Anasema jengo letu la Doornfontein lina mnyororo mlangoni na madirisha yamezibwa kwa matofali. Alisimama pale nusu saa. Ulikuwa wapi?

Spéciose

*

Doornfontein, Johannesburg
17 Novemba 2024

Mama Chloé, mke wangu,

Nimekosa. Nakuandikia nimesimama, maana kukaa nimeshindwa.

Kuna dereva wa mizigo anaitwa Cédric, mtoto wa Lubumbashi, huwa anasubiri getini kwetu makaratasi yake yakaguliwe. Nilimsimulia habari ya mto nikitafuta mtu wa kuniunga mkono. Akatoa simu yake, akafungua ramani, akavuta kwa vidole viwili mpaka Davenport ikajaa kioo. Mto unatoka kaskazini, ni kweli, lakini ukifika kwenu unageuka. Unalala ubavu kabisa na kuelekea magharibi, unapita mji wako hivyo hivyo, halafu mbele huko unakumbuka safari yake na kushuka kusini. Illinois iko kusini yenu. Nilimrudishia Cédric simu yake. Nikamwambia tu asante.

Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya watoto na fimbo, nikichora mstari ulionyooka ubaoni. Aliyesema umejikunja nilimtoa nje. Mke wangu nimemfanyia vile vile, nikamtumia na mpelelezi. Nisamehe. Joséline nitampigia mwenyewe.

Kuhusu jengo usiwe na hofu. Mabomba yalipasuka, tukatolewa siku chache, sasa tumerudi. Hata sasa naandika nikiwa dirishani kwetu, naona robot ya pale kona, ile taa ya kuongoza magari, ikiwa nyekundu na teksi hazisimami, kama ulivyopazoea. Koti nitalipata siku nyingine.

Mahojiano bado sijaitwa. Nasikia wanaita watu mwezi wa kumi na mbili. Sanduku liko tayari. Hali ya hewa ya Januari nimeiongeza humo kwa soksi nne.

Évariste wako

*

Davenport, Iowa
12 Januari 2025

Évariste,

Krismasi simu yako ilikuwa haipatikani, mwaka mpya ulipiga ukazungumza dakika tatu na kusema sauti inakatika. Sikukuuliza kitu kwa sababu mtoto alikuwa pembeni. Nakuuliza kwa karatasi.

Ijumaa mwanasheria aliniita ofisini. Ofisi ya mahojiano imemwandikia. Uliitwa tarehe tisa Desemba saa mbili asubuhi. Barua ilitumwa Doornfontein mwezi wa kumi na moja. Walipiga na simu pia, ile namba yako ya zamani, haikupokelewa. Hukutokea. Mwanasheria alinitazama kwa huruma, Évariste, ile huruma wanayompa mwanamke aliyetelekezwa. Akaniuliza kama nina hakika mume wangu anataka kuja.

Nilikutetea. Nikasema huyo mtu ana sanduku mlangoni tangu tulipoondoka. Halafu kwenye basi nikakumbuka dirisha. Uliandika unaona robot ya kona. Dirisha letu halikuona robot. Lilitazama ukuta wa karakana ya magurudumu na yule paka mwenye jicho moja. Nililala chumba kile miaka tisa, ningeweza kuchora ukuta ule tofali kwa tofali.

Mwalimu wa jiografia kasahau dirisha lake mwenyewe. Au hayupo hapo.

Ulikuwa wapi tarehe tisa Desemba?

Spéciose

*

Diepsloot, Johannesburg
2 Februari 2025

Mama Chloé,

Barua hii usiiweke kwenye faili.

Soma pale juu nilipoandika mahali. Ndipo ninapoishi. Jengo la Doornfontein lilifungwa Juni mwaka jana. Walikuja asubuhi na watu wenye nyundo, tukatolewa wote, vitu vikatupwa barabarani, simu yangu ikapotelea hapo hapo na namba yake. Melchior alinipa chumba nyuma ya spaza yake. Nalala na magunia ya unga na katoni za sabuni. Barua zangu zote za mwaka jana nilikuandikia hapa, nikaweka Doornfontein juu yake.

Kwa nini sikuwaambia ofisi? Unakumbuka tulipokuwa kwenye foleni Pretoria, wale wazee walivyokuwa wakisema: ukibadilisha anwani, faili lako linatolewa juu na kuwekwa chini kabisa, unaanza upya. Hata namba ya simu ukitaka kuibadilisha, karatasi yenyewe inakuuliza na unapoishi. Nami Diepsloot sina hati yoyote yenye jina langu. Nikasema nitavumilia, mwezi mmoja au miwili wataita. Sagesse, yule mshonaji wa duka la chini, akakubali kunipokelea barua. Septemba na duka lake likafungwa, akaenda Durban. Nikawa napita pale kila Jumamosi kuchungulia kama kuna bahasha chini ya mlango. Wakaja wa matofali, hata chini ya mlango pakazibwa.

Sikukuambia wewe kwa sababu kila barua ilikuwa ya afisa. Niliandika nikimwona afisa amekaa begani kwako anasoma. Na nilikuonea aibu. Nilikutuhumu kuhama, mimi ndiye niliyehama. Najua utasema nyani haoni kundule, sema tu, ni haki yako.

Tarehe tisa Desemba saa mbili asubuhi nilikuwa hapa dukani nampangia Melchior sabuni kwenye rafu. Nilikuwa zamu ya mchana. Nakumbuka siku ile kwa sababu nilikuwa na furaha, nilikuwa napiga mluzi.

Sasa umesikia mwenyewe habari ya mwezi huu uliopita. Marekani imesimamisha kupokea wakimbizi, na mafaili ya familia yamesimama pamoja nayo. Ningekwenda siku ile, labda leo ningekuwa nalishika pazia lenu. Labda ningekuwa nasubiri vilevile. Sitajua kamwe, na kutojua huko kunanitembeza uwanja huu wa Diepsloot kuanzia asubuhi mpaka watoto wananiiga mwendo.

Nimefanya hivi kwa mkono wangu. Si vita, si serikali.

Évariste

*

Davenport, Iowa
9 Machi 2025

Évariste,

Wiki ya kwanza niliamua nisikujibu kabisa. Ya pili niliandika barua tatu nikazichana, Chloé akaziokota kwenye pipa na kuzisoma, ndivyo alivyojua. Alikasirika kunizidi mimi. Amesema, na nakuandikia alivyosema, kwamba sisi wawili tumeandikiana miezi yote hii bila kuambiana kitu.

Nimekukasirikia, ujue. Nimekukasirikia nikipiga pasi, nimekukasirikia kwenye basi. Si kwa ajili ya Diepsloot. Ningelala na wewe juu ya magunia hayo ya unga, tumelala pabaya zaidi. Nimekukasirikia kwa sababu hukuniona kama mkeo, uliniona kama ofisi. Mficha uchi hazai, Évariste. Kama ungeniambia mwezi wa sita, mwanasheria wangu angebadilisha anwani yako siku ile ile. Nimemuuliza. Anasema faili haliendi chini, ni maneno ya foleni tu. Karatasi moja ingetosha, Évariste.

Jumamosi iliyopita Joséline alitupeleka na gari lake mahali panaitwa Tama, mwendo wa saa mbili. Nataka ujue historia iliyobaki, maana niliiacha njiani. Wale Wameskwaki niliokuandikia walisogezwa mpaka Kansas, jimbo jingine huko. Hawakutulia. Wengine walirudi kwa siri, wengine hawakuwahi kuondoka, wakajificha kando ya mito. Mwisho wakajichanga, wanasema waliuza hata farasi, na mwaka 1857 wakanunua kipande cha ardhi hapa hapa Iowa. Wakainunua ile iliyokuwa yao. Wapo mpaka leo, nimeona nyumba zao na shule yao. Nilisimama kando ya barabara nikawaza kwamba watu wale hawakungoja mtu abadilishe neno lake. Nami nimechoka kungoja.

Basi, kwa kuwa ofisi haitakuhoji, nitakuhoji mimi. Kaa chini, usiandike umesimama. Jibu kwa mkono wako, weka tarehe na sahihi. Unaishi wapi na unaishi na nani? Mkeo anafanya kazi gani, na ni kiungo gani kinamuuma? Kwenye mlango wake kuna viatu vya nani? Mto wa Davenport unaelekea wapi, na ulijuaje? Kuna jambo lolote jingine ulilonificha? Na la mwisho: bado unataka kuwa mume wangu, au unataka Marekani tu?

Spéciose

*

Diepsloot, Johannesburg
30 Machi 2025

Kwa Mama Chloé, afisa wangu,

Nimekaa. Melchior amenipa ndoo nikaigeuza, karatasi iko juu ya katoni.

Naishi Diepsloot, chumba cha nyuma ya spaza ya Melchior, mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu, karibu na bomba la maji la jumuiya. Naishi na Melchior, mtu wa Bujumbura, mjane, anayesali kwa sauti kubwa. Dirisha langu linatazama nyuma ya saluni ya mama wa Kikongo. Naona taulo zake kwenye kamba. Sioni robot.

Mke wangu anapiga pasi mashuka ya hospitali. Juu ya kinachomuuma nimefikiri siku mbili. Hukuniandikia. Ulisema miguu, lakini hiyo ni ya kukaa mtoni. Nafikiri ni bega la kulia, kwa sababu kwenye picha ya Pasaka mwaka jana ulimshika mtoto kwa mkono wa kushoto. Sijui kwa hakika, na nimeona haya kwamba sijui.

Viatu ni vyangu. Vya kahawia, cha kushoto kina mshono niliouweka mwenyewe kwa uzi wa nailoni.

Mto unaelekea magharibi. Mke wangu aliniambia, aliuona kwa macho yake, nami nikamkatalia kwa kidole.

Nilichokuficha kingine ni sanduku. Halipo mlangoni. Liliibwa siku ile tulipotolewa, pamoja na nguo zote nilizokuwa nimezipanga kwa ajili ya kuja. Sijafungua wala kufunga chochote Jumamosi yoyote tangu Juni. Soksi nne nilikudanganya. Nina mfuko wa plastiki wenye mashati mawili na atlasi. Nilishindwa kukuambia kwa sababu ulikuwa unaniambia kwenye simu jinsi unavyopenda kulifikiria sanduku lile pale mlangoni.

Swali lako la mwisho. Marekani naijua sasa kuliko mtu yeyote Diepsloot: mipaka yake, udongo wake, vita vyake. Wangefunga Iowa nzima wakaimwaga baharini, bado ningeuliza wewe uko wapi. Nataka kuwa mume wako. Lakini mwombaji hajipi jibu mwenyewe, hilo nimejifunza kwenye foleni. Uamuzi ni wa afisa.

Ninangoja, na safari hii anwani ni ya kweli.

Évariste

*

Davenport, Iowa
25 Mei 2025

Baba Chloé,

Majibu yako nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu, kama ulivyozoea kunifanyia. Bega ni la kulia. Umepata.

Ninayo hati ya kusafiria, na nimepata likizo ya wiki tatu. Mwanasheria anasema makaratasi yangu ni mazuri, ila siku hizi hawezi kuniapia kwamba nikitoka nitaingia tena. Nimemsikia. Sikulala siku kadhaa, nilihamisha kiti mpaka jirani wa chini akagonga dari. Chloé ana kazi ya likizo na hataki kuja safari hii, atakaa kwa Joséline. Amekuandikia mistari miwili kwa Kiswahili, nakuja nayo, usimsahihishe makosa.

Nafika Joburg tarehe kumi na nne Juni, saa kumi jioni. Mwambie Melchior asogeze magunia.

Sanduku ninalokuja nalo ni lako, nimelinunua bluu kama mlango wako. Ndani nimeweka kiatu chako cha kushoto, chenye mshono. Cha kulia nimekiacha mlangoni hapa Davenport, mahali pake pale pale.

Usihame.

Spéciose wako